Kijiko cha Kwanza cha Bi Khin

Jumapili ya Februari. Theluji ya leo si ile ya kwenye kadi, ni tope tupu la rangi ya majivu. Viatu nimeviweka juu ya hita, soksi vilevile, nami nimekaa mezani jikoni, sare ya kazi bado iko mwilini. Chai imepoa mara mbili.

Nina jambo la kuungama. Kwa kuwa kwenye blogu hii hakuna anayenijua kwa jina, nitaliungama hapa kwanza, kabla sijalisema kesho mbele za watu.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kazi yangu. Nahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee hapa Rexdale, pembeni mwa Toronto. Naogesha, navisha, nageuza, nalisha. Mwaka wa tisa huu. Kwetu Nzega nikiwaambia kwamba nalipwa mshahara kwa kumlisha bibi wa mtu, wananicheka, wanadhani nina kazi nyingine ninayoificha.

Miongoni mwa wazee wangu yupo Bi Khin. Ana miaka tisini na mmoja, umbo dogo, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni na kushikizwa kwa kitana. Ametoka Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar. Kiingereza alikuwa nacho, lakini maradhi ya kusahau yamekichukua, ikabaki lugha ya utotoni mwake ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua. Ana mtoto mmoja tu, binti, anaishi Calgary. Hupiga simu kila Jumapili, nasi humshikia mama simu sikioni. "Bi" nimeliongeza mimi, maana mdomo wangu unakataa kumwita mtu wa umri ule jina tupu.

Bi Khin alikuwa na tabia yake. Mwaka jana, alipokuwa bado anakula kwa mkono wake, kila sahani ikiwekwa mbele yake alichota kijiko cha kwanza, akakiinamisha polepole, akakiweka chakula kile juu ya meza, upande wa kushoto. Wali, viazi vya kuponda, hata uji wa asubuhi. Halafu ndipo akaanza kula. Wali ulikaa. Uji ulitiririka mpaka sakafuni.

Nikafuta. Asubuhi nikafuta, mchana nikafuta, jioni akafuta Mama Neema, mwenzangu kutoka Bukavu. Tuna kitambaa cha buluu cha kazi hiyo. Wazee ni kumi na mmoja, dakika ni arobaini, na wakati nafuta kwa Bi Khin mwingine ananiomba maji, mwingine ameshavua viatu.

Nilichoka kufuta.

Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Sikumchukia hata siku moja. Nilikuwa na mgongo unaouma na meza inayochafuka mahali palepale, basi. Mwezi wa kumi na moja nikachukua fomu, nikaandika: "Anamwaga chakula. Amechanganyikiwa mezani. Anahitaji kulishwa." Msimamizi akanisifu, akasema nina jicho la kuona mambo mapema. Siku hiyo nilirudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa.

Haukupita muda akaanza kuletewa chakula cha kusaga, aproni ya plastiki shingoni, na mtu wa kumlisha. Mara nyingi mtu huyo ni mimi. Kijiko cha kwanza nikakipeleka moja kwa moja mdomoni. Akafumba midomo, akageuza uso. Nikaandika: "Anakataa chakula." Kila siku mkono wake wa kulia ulinyanyuka kutafuta kijiko, nami nikaushusha taratibu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Tulia bibi, tulia." Nilimwambia kwa upole kabisa. Ilipofika Krismasi mkono ukaacha kunyanyuka.

Sasa amekwisha. Ukimgeuza kitandani unahisi kama unageuza mto. Kesho saa nne asubuhi kuna kikao: daktari, msimamizi, na binti yake kwenye simu. Wanataka kuamua kama tuache kumhangaisha na chakula, tumstareheshe tu mpaka mwisho wake. Asubuhi nilimwambia Mama Neema kwamba moyo wangu mzito. Akanishika bega. "Dada, ule maman kichwa yake ilishaenda," akasema. "Tutafanya je?"



Nilitoka kazini saa tisa alasiri. Basi la Kipling likanipita mbele ya macho, nikaona heri nitembee kuliko kusimama na kugeuka barafu. Nilipofika kwenye ile safu ya maduka, kati ya dobi na fundi wa simu, nikasimama mbele ya kioo cha mgahawa mmoja mdogo. Miaka miwili napita pale bila kuutazama. Leo niliyaona maandishi. Ni ya mviringo, duara kando ya duara, na nikajua nimeyaona wapi: kwenye kalenda kuukuu iliyo ukutani chumbani kwa Bi Khin.

Nikaingia. Nilijiambia nitauliza tu kama wana kitu laini ambacho bibi wa kwao anaweza kukipenda.

Meza sita, mbili zina watu. Mwenye mgahawa ni mwanamke wa rika langu, anaitwa Thiri, aproni ina madoa ya manjano na sauti yake ni ya kukohoa kidogo. Nikamwambia nahudumia mama mmoja wa Burma na sijui alikula nini maishani mwake. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu vilivyolowa. "Kwanza kula wewe," akasema.

Akaniletea bakuli la mohinga. Ni supu nzito ya samaki juu ya tambi nyembamba za mchele, yai la kuchemsha limekatwa kati, bajia za dengu zimevunjwavunjwa juu, ndimu na pilipili kando. Nikaonja. Mchaichai ukanipanda puani, halafu ladha ya tope, ile tamu, ninayoijua. Nikamuuliza ni samaki gani. Kambare! Tangu niondoke Nzega sijala kambare. Kulikuwa na kitu kingine chenye vitundu, laini, kinaponyoka kwenye kijiko. Akaniambia ni kiini cha mgomba. Nikacheka mpaka wale wengine wakageuka. Mgomba! Kwetu anapewa ng'ombe, tena ng'ombe mwenye njaa. Thiri naye akacheka, akasema basi ng'ombe wa kwetu wanakula vizuri kuliko watu wa Toronto.

Kwa dakika kumi hivi nilikuwa na furaha. Naiandika kwa sababu ndiyo dakika kumi pekee za leo.

Wateja walipopungua, Thiri akajipakulia wali na mchuzi, akakaa meza ya pili kutoka yangu, karibu na jiko. Kabla ya kula akachukua kisahani kidogo. Akachota kijiko cha kwanza cha wali, akakiinamisha polepole, akakiweka pale pembeni.

Upande wa kushoto.

Kijiko changu kikabaki hewani. Nikamuuliza kile ni cha nani. Akajibu bila kunyanyua kichwa, kama mtu aliyeulizwa saa. Cha mama yake. Mama yuko mbali, na baba alishafariki. Kwao wakubwa ndio wanaoanza kula. Wakiwa hawapo mezani, kijiko cha kwanza kinatengwa kwa heshima yao, halafu ndipo wewe unakula. Alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu.

"Na mtu akizuiwa kufanya hivyo?" nikauliza.

Akanyanyua kichwa. "Nani atamzuia?"

Mimi, dada. Mimi na kitambaa cha buluu.

Sikumwambia hapohapo. Nilikaa natazama bakuli langu. Bi Khin hakuwa anamwaga. Katika akili yote iliyomponyoka, jina la binti yake, Kiingereza, njia ya kwenda chooni, alikuwa bado anakumbuka kwamba hawezi kula kabla ya mama yake. Ana miaka tisini na mmoja na bado alikuwa mtoto wa mtu. Mara tatu kwa siku alimkaribisha mama yake mezani, na mara tatu kwa siku sisi tukamfuta.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeona. Nilijua ni kijiko kimoja tu. Nilijua ni cha kwanza daima. Nilijua ni upande uleule. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu na kwenye fomu nikaandika "anamwaga". Binti yake tulimwambia anamwaga, akaamini, kwani yeye angejuaje akiwa Calgary kwamba mama hamwagi kama watu wanavyomwaga?

Tena mimi! Bibi yangu mzaa mama, kabla hajaonja togwa, alidondosha tone chini, la wazee waliotangulia. Watoto tuliliona tone lile kila siku. Hatukusema bibi amechanganyikiwa, wala hakuna aliyeleta kitambaa.

Mwishowe nikamwambia Thiri kila kitu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wageni. Hakuniliwaza. Aliinuka, akachemsha upya wali mpaka ukawa kama uji mzito, akautilia mchuzi uliochujwa, akafunga ndani ya chombo. Kisha akaniongezea kisahani kidogo kama chake, kimezungushiwa gazeti. "Usiweke juu ya meza tupu," akasema. Basi.

Nikarudi kazini kwa miguu, mbiombio, wakati zamu yangu imekwisha. Nesi wa jioni ni mkali lakini ana haki. Alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema Bi Khin akae wima kabisa, vijiko vichache tu, na yeye mwenyewe atasimama hapohapo aangalie anavyomeza.

Nikamvua Bi Khin ile aproni ya plastiki. Nikamfunga nywele kwa kitana vizuri. Nikaweka kisahani kwenye meza ya kitandani, nikachota kijiko cha kwanza mbele ya macho yake, nikakiinamisha polepole kama nilivyomwona akifanya mara mia, nikakiweka.

Alikitazama. Alikitazama muda mrefu, mpaka nesi akaangalia saa. Halafu mkono wa kulia, ule niliousahaulisha kazi, ukasogea juu ya shuka. Haukufika kwenye kijiko. Ulifika kwenye kisahani, vidole viwili vikakisukuma kushoto zaidi, kidogo tu. Nilikuwa nimekiweka pabaya.

Kisha akafungua mdomo.

Alimeza vijiko vitatu. Cha nne kilimtoka pembeni mwa midomo na nesi akasema inatosha. Ningependa kuandika kwamba alinitabasamia. Hakutabasamu. Alifumba macho akalala, mkono umebaki palepale mezani, mwepesi, mishipa yote inaonekana. Nesi akaniambia kwa sauti ya chini nisijipe matumaini makubwa, mwili umekwenda mbali. Najua. Nimeona miili mingi. Vijiko vitatu haviwezi kurudisha miezi mitatu.

Nilipofika nyumbani nikampigia wifi yangu kule Nzega, ndiye anayekaa na mama. Kwao ilikuwa usiku, nikamwamsha. Nikamuuliza mama anakulaje.

"Wifi, mama anakula kuliko mimi," akasema huku anapiga miayo. "Kwani kuna nini?"

"Akifanya chochote mezani usichokielewa, usimkataze. Muulize kwanza."

"Wifi, umekunywa?"

Nikacheka, nikamwambia alale. Kisha nikakaa hapa.

Kesho saa nne nitaingia kwenye kikao, hata kama sikualikwa. Nitamwambia binti yake, asikie kwa sauti yangu na si kwa barua, kwamba mama yake hakuwa anamwaga chakula. Nitamwambia aliyekuwa akitengewa ni nani. Nitamwambia pia ni nani aliyeandika ile fomu. Huenda akanilaani. Huenda wakaniondoa kazini. Huenda uamuzi ukabaki uleule na Bi Khin akaondoka kabla theluji haijaisha, lakini aondoke ikijulikana kwamba alikuwa anajua anachofanya.

Kuna jambo moja sikumuuliza Thiri. Kile kijiko kilichotengwa, watu wakishamaliza kula, kinafanywa nini? Kazini sheria ni kutupa mabaki yote. Sikuweza. Nilikifunika kisahani kwa karatasi nikaja nacho ndani ya mkoba, na sasa kiko hapa mezani kwangu, wali umeanza kukauka.

Kabla ya kukaa kuandika nimeifuta meza yote, kwa mazoea. Pale kilipo kisahani nimepazunguka.