Mkono Wenye Kufuli

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nina jambo la kukuuliza.

Yule meneja aliyeapa mahakamani kwamba baba, mtunza ghala, ndiye aliyefunga mlango wa nyuma wa ghala amekuja kazini kwetu studio. Hakunijua. Anastaafu, anataka slaidi zake za zamani za filamu ziingizwe kwenye kompyuta, na moja ikuzwe itundikwe ukutani siku ya sherehe: ile ya mashine mpya pale ghalani. Mashine ilizinduliwa asubuhi, ikateketea alasiri pamoja na ghala na watu sita waliokwama ndani. Kwa hiyo picha ni ya siku ile ile, Mama.

Skana yetu ya zamani ilionyesha mashine inang'aa, nyuma yake weusi mtupu. Ile inagawa njia ya kutoka cheusi hadi cheupe kwa ngazi mia mbili hamsini na sita tu, tena jicho lake halipenyi sehemu nzito, zenye giza, za filamu. Nikaiweka kwenye mpya: ngazi elfu sitini na tano na ushei, na jicho linalobeba mwanga na giza kwa pamoja. Nikalifungua giza polepole. Mlango wa nyuma ukatokea. Kisha mkono wenye kufuli. Kisha uso wa meneja mwenyewe.

Nifanye nini?

Mwanao, kitinda mimba

11 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, si la kuulizwa leo.

Baba yako alifia kifungoni akisema, "Niliuacha wazi." Kuna siku hata mimi nilimtilia shaka. Hilo nalo limrudie huyo meneja.

Usiongeze hata nukta kwenye picha, tusije tukafanana naye. Nakala mpelekee wakili. Kisha mpe anachotaka, tena ikuze ijae ukuta. Wajane wa wale walioungua nitawaarifu mimi. Mwosha huoshwa, na maji yameshachemka.

Mama yako

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Siku ya sherehe meneja alikuwa anahutubia kando ya picha, hajaikagua, mjane wa fundi umeme akavaa miwani, akasogea.

"Huyu mwenye kufuli nani?"

"Mtunza ghala," akajibu, hata hakugeuka.

Aliyegeuka ni mkewe. Akaitazama picha muda mrefu. "Ni wewe," akamwambia. "Shati hilo nilikushonea mimi."

Meneja akatafuta kiti. Hakuna aliyempisha.

Wakili anasema kesi ya baba itafunguliwa upya. Nilidhani nitamhurumia mzee yule, Mama. Wapi.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepata nafuu kidogo.

Polisi walikuja kuchukua maelezo, nikayatoa nimesimama. Mke wa meneja naye alikuja. Nikampa kiti na maji, maana yeye alisema kweli. Mumewe ameleta barua ya kuomba radhi, nimeirudisha haijafunguliwa.

Majirani walionipa kisogo miaka ishirini na miwili wameanza kunisalimia. Nawatazama, napita zangu.

Mama yako