Nilisema Naisenya Amepumzika

Mpendwa mshauri Mama Joram, naomba msaada kabla sijakosea mara ya pili.

Mimi ni mwalimu wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa huku Isinya, na muhula uliopita tulimpoteza mwanafunzi wetu Naisenya, alijiua, na hata kuliandika neno hilo mkono unakataa, kwa sababu mimi ni Mkamba na yeye ndiye aliyenifundisha kuitikia salamu ya Kimaasai, kila asubuhi langoni akiniinamishia kichwa nimwekee kiganja, jinsi watoto wa huku wanavyowasalimu wakubwa, na hadi leo nikifika langoni nanyoosha mkono kabla sijakumbuka. Nina hamu naye sana, Mama Joram.

Kwenye asembli niliombwa niseme machache, nikasema yale ambayo sote husema matangani, kwamba Naisenya amepumzika, shida za dunia zimemwisha, watoto wakalia, nami nikaona nimewafariji. Wiki iliyopita nikamkuta Soipan, aliyekuwa akiketi naye dawati moja, amelaza kichwa juu ya vitabu wenzake wakiwa wameenda kula, nikamwambia aamke akale, akanijibu bila kuinua uso, "Mwalimu, nimechoka. Si hata mimi nipumzike tu kama Naisenya."

Nilicheka, nilicheka kwa woga, nikamwambia likizo iko karibu. Nilipomweleza naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kiema, akasema, "Madam, hiyo story achana nayo. Ukimuuliza utampea idea." Basi nimenyamaza, ila namchungulia darasani kila mara, na nikiona kiti chake ni kitupu, hata kama ameenda msalani, natoka nje kumtafuta. Nimuulize au niendelee kunyamaza?

Mwalimu Mutindi

Mwalimu Mutindi,

Barua yako sikuiweka kwenye foleni. Nilikupigia simu pale pale nilipoisoma, na kwa idhini ya wote wanaohusika, majina yakiwa yamebadilishwa, narudia hapa niliyokuambia, maana shule nyingine nazo zina akina Bwana Kiema wao.

Pole kwanza. Umefiwa, na nadhani hakuna aliyekupa pole kwa sababu wewe si mzazi wala dada. Sasa nikugombeze kidogo. Mtoto anakuambia anatamani kufa, nawe unamtajia likizo? Hilo neno kupumzika ulimpa wewe, naye amekurudishia. Sisi watu wazima tunalisema kwa kujifariji, lakini mtoto aliyechoka akilisikia anadhani ni njia ya kupata nafuu. Si nafuu. Naisenya alikufa, na mwenye maumivu kama yake anaweza kusaidiwa akiwa hai.

Muulize leo, mkiwa wawili tu, kwa maneno haya haya: "Soipan, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo asilokuwa nalo. Kunampa mahali pa kulitua. Kisha nyamaza umsikilize, na tafadhali usimhubirie. Akisema ndiyo, usimwahidi siri wala usimwache peke yake. Mpigie mamake, mwende hospitalini siku hiyo hiyo mkamwone mhudumu wa afya ya akili. Halafu rudi kwenye asembli urekebishe kauli yako. Sema Naisenya alikufa na mnamkosa, usieleze alivyofanya, usitaje sababu moja kana kwamba unaijua, na uwaambie watoto wagonge mlango wa nani wakilemewa. Bwana Kiema naye awe hapo asikie.

Jioni ile ulinitumia ujumbe: "Nimemuuliza. Amesema ndiyo. Niko naye, na mamake yuko njiani kutoka kazini shamba la maua, twende naye hospitalini." Nilikaa chini nikalia, mwalimu, nami si mtu wa kulia ovyo.

Naisenya utaendelea kumkosa pale langoni, sikudanganyi. Lakini asubuhi ukijikuta umenyoosha mkono, usiurudishe upesi. Soipan naye hupita hapo.

Mama Joram