Mvua Juu ya Vigae

Jumanne, vuli

Na bado jina langu limo kwenye ile barua, la tatu kutoka juu. Kamati ya shule inaomba vigae vya udongo ving'olewe kwenye darasa jipya, tuezekewe bati kama wenzetu wa shule ya Ndungu. Tuliona aibu. Msanifu anayejenga maghorofa nchi za watu, mzaliwa wa hapa hapa mlimani, kwetu alete udongo!

Leo amekuja mwenyewe, nywele nyeupe, raba zimejaa matope. Nilikosa raha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Endelea kufundisha, mimi nakaa nyuma."

Akajibana kwenye dawati la mwisho. Mara mvua ikashuka, ile yetu kubwa. Nikafundisha hesabu za sehemu mpaka kipindi kikaisha, wala sikupandisha sauti. Ndipo nikashtuka. Kwenye darasa la zamani, mvua ikianza kupiga bati huwa naweka chaki chini, tunasubiri ikatike.

Nikamuuliza, hiyo ndiyo sababu ya vigae? Akacheka.

"Nilisoma hapa chini ya bati, nyuma kabisa. Mwaka wa kufundishwa sehemu ulikuwa mvua tupu. Leo ndiyo nimezisikia zikifundishwa."

Sifa zote alizonazo duniani, na bado anamkumbuka anayekaa nyuma.

 Sijui kama anajua kuhusu barua.

Kesho, kabla ya kengele, naenda kwa mwenyekiti wa kamati nikafute jina langu. Ofisi yake ni ya bati. Naomba mvua iwe bado inanyesha, tushindwe kusikilizana, naye aelewe.