Safu Iliyoitwa Hayupo

Jumatatu, 10 Machi
Mvua tangu asubuhi. Umeme umekatika tena. Bado naunganisha mfumo mpya wa kliniki ya watoto na majedwali ya zamani. Aliyeyatengeneza alishahama Ifakara, kayaacha na majina ya Kiswahili: mtoto, mzazi, chanjo. ORM, programu ya kuunganisha msimbo na majedwali, inayasoma yenyewe na kuniandikia msimbo. Mimi napitia tu na kusema kila safu ni kitu gani. Kwenye jedwali la mtoto kuna safu inaitwa hayupo. Ndiyo au hapana. Nimeipa jina "hakuhudhuria". Sista Oliva, mkuu wa kliniki, alisema nimuulize nisipoelewa. Mimi mtoto wa hapahapa, nikaulize Kiswahili?

Jumatano, 12 Machi
Mfumo umewashwa. Meseji zimekwenda kwa wazazi wote wa watoto waliokosa kliniki: "Mwanao hakufika. Tafadhali mlete Ijumaa." Sista kanipongeza mbele ya wenzake. Kichwa kimevimba. Nikajinunulia samaki, kitoga wa kukaanga.

Ijumaa, 14 Machi
Mama mmoja katoka kijiji cha Kisawasawa. Mgongoni hana mtoto. Mkononi kadi ya kliniki, kaifunga kwenye nailoni isilowe. Akaamkia. Akamwonyesha Sista simu, akauliza kwa upole, "Sista, Yohana wangu mmemwona wapi?"

Yohana alifariki mwaka jana.

Hayupo. Baba alipofariki, kaka alinipigia simu kwa neno hilohilo: "Mzee hayupo tena." Nami nikalirudia kwa kila aliyenipigia. Jumatatu nimelisoma kama mgeni.

Sista akasema, "Tusamehe, mama, ni mtandao." Nikajifanya nakaza waya wa kompyuta. Mama akaikunja nailoni yake vizuri, akaondoka na mvua. Naona aibu.

Jumamosi, 15 Machi
Wazazi wengine wanapiga simu. Baba mmoja wa kijiji cha Mbingu kanitukana, na kwa kweli nilishukuru.

Nilitaka kuwafuta watoto wote wenye alama ile, yaishe, asijue mtu. Kidole kilikuwa tayari. Mwoga mimi. Nimeacha. Nimebadilisha jina upande wa msimbo tu: amefariki. Safu yenyewe imebaki hayupo, kama ilivyokuwa. Meseji nimezizuia. Kazi ndogo kabisa. Ningeuliza tangu Jumatatu, haya yasingetokea.

Nikamwambia Sista si mtandao, ni mimi. Akasema, "Mimi unaniambia ya nini? Nenda Kisawasawa."

Jumapili, 16 Machi
Misa ya kwanza, kisha bodaboda. Kutoka barabarani hadi kwake ni matope matupu. Nilimkuta Mama Yohana anachambua mboga. Nikampa shikamoo.

Nilimweleza yote. Lile neno, nilivyolisoma, nilivyonyamaza akiwa mbele yangu. Nilingoja anifukuze. Akaendelea na mboga. Akasema aliposoma meseji alijua ni makosa, ila miguu ilikataa kukaa nyumbani.

Halafu akauliza, "Jina lake bado limo humo?"

Limo, nikasema.

"Basi msilitoe."

Akanisogezea kigoda, nikakaa mpaka mvua ikapungua.

Jioni nimefungua mfumo. Yohana yumo. Nimefunga.