Pengo la Mstari wa Tatu

3 Februari

Kwa binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Hujambo, na kazi haijambo? Mimi sijambo, ila koo linanikwaruza tangu mwaka uanze. Ni vumbi tu, usianze kunichagulia jeneza. Jirani yangu muuza mkaa anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nimemwambia auulize mkaa wake.

Sasa nisikilize. Mchungaji alikuja hapa juzi, akanywa chai, akasifia pazia, akasifia paka, nikajua ana jambo. Mwishowe akalitoa: usharika unafanya jubilei mwezi wa Novemba na historia yake haijaandikwa popote. Wazee wengine wametangulia, akasema, umebaki wewe. Yaani nimechaguliwa kwa sababu sijafa. Nimekubali. Nitakuandikia wewe kidogo kidogo, na wewe uliye huko kwenye mashine za kuchapa utanipangia kiwe kijitabu. Usinisahihishe sana.

Basi anza hivi. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa kwanza ghala la ngozi. Siku za joto kuta zilitoa jasho, na harufu ya ng'ombe ikarudi. Mtu akifumba macho kusali alijikuta malishoni, anasikia majani yanang'olewa. Mimi nilidhani mbinguni kunanukia vile, na hadi leo sijapata wa kunihakikishia vingine.

Mmisionari aliyeanzisha usharika alileta kinanda cha kukanyaga ndani ya sanduku, kwenye mkokoteni. Akatafuta mtu wa kumfundisha, akamchukua baba yako, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi wa fundi viatu, kwa sababu miguu yake ilishazoea kukanyaga cherehani. Mmisionari akaenda zake, kinanda kikabaki. Kisha panya wakautafuna mvukuto, ule mfuko wa kusukuma hewa.

Tangu hapo, kila ubeti ukifika mwisho wa mstari wa tatu, hewa ilikwisha. Kinanda kilinyamaza. Baba yako anakanyaga, anakanyaga, mfuko ujae tena, na kanisa zima limesimama midomo wazi linamsubiri. Mimi nilikuwa msichana, nimetoka tu kupata kipaimara, nakaa upande wa wanawake karibu na dirisha. Jumapili moja nilishindwa kuuvumilia ule ukimya. Mstari wa tatu ulipoisha sikuiacha ile sauti ya mwisho, nikaishika peke yangu mpaka kinanda kiliporudi. Nilijua nitagombezwa nje. Hakuna aliyenigombeza. Jumapili iliyofuata walinisubiri niishike tena.

Ndivyo nilivyoitwa Mama Daraja kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Hilo liandike kwa ufupi, wasije wakasema najisifu.

Wako akupendaye,
Mama

20 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, paka na jirani wa mkaa hamjambo. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imegeuka wino.

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko, mashine zimezimwa. Mzee anayekata karatasi aliniona nacheka peke yangu, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye harufu ya ng'ombe alifumba macho, nikafikiri amelala. Kumbe anasikiliza. Sasa kila siku ananiuliza kama Mama Daraja ameandika.

Nina swali. Baba aliweza kushona kiatu ukasimama nacho mtoni soksi zikabaki kavu. Nakumbuka watu wakitoka mbali kumletea mabegi na mipira iliyochanika. Iweje tundu moja la panya limshinde miaka yote ile?

Na la pili si swali. Jumapili uliponipigia simu nilidhani ni mwanamume amekosea namba. Vumbi gani hilo la tangu mwaka uanze? Mdharau mwiba mguu huota tende, wewe mwenyewe ulinifundisha. Nenda kwa daktari wa koo, na usimpelekee hadithi za ghala, mwoneshe koo.

Binti yako

15 Machi

Kwa binti yangu msumbufu,

Nimepata barua yako na vitambaa, ahsante. Hali ni ya kawaida. Mvua zimeanza, bati la kanisa linaongea kuliko mchungaji.

Tuendelee na historia. Siku moja askofu alitutembelea. Akasikia wimbo unakatika, sauti moja inabaki hewani, kisha wote wanarudi. Akadhani ni utaratibu wetu wa ibada. Alitusifu mbele ya watu kwa kumcha Mungu kiasi hicho, na usharika wa jirani ukaagizwa uje kujifunza. Walikuja wamevaa vizuri. Wao kinanda chao kilikuwa kizima, mwanangu, bado kina vibandiko vyake vya dukani, lakini walikwenda nyumbani wakawa wanakisimamisha kwa makusudi kwenye mstari wa tatu. Mchungaji wa wakati ule alijua ukweli wa panya. Alikohoa tu, akaangalia viatu.

Kisha tukapata na sisi kinanda kipya. Jumapili ya kwanza baba yako alipiga moja kwa moja, na mvukuto haukuishiwa kitu. Lakini watu walipofika mwisho wa mstari wa tatu walisimama kama walivyozoea. Kinanda kikaenda mbele peke yake, kikafika mwisho wa ubeti, kikageuka nyuma kuangalia wenzake wako wapi. Ubeti wa pili baba yako aliwasubiri. Aliendelea kutusubiri hivyo mpaka alipofariki, na kijana aliyeshika nafasi yake, mwalimu wa kwaya, anasubiri hadi leo, ingawa ananung'unika kwamba pengo hilo haliko kwenye nota.

Kuhusu swali lako. Nilimuuliza baba yako hilo hilo mwaka tuliooana. Alikuwa ameinama anashona soli kwa mkono, wala hakuinua kichwa.

"Nikiliziba," alisema, "wewe utanyamaza."

Haya, umepata. Usilichape hilo, ni letu.

Kwa daktari nilikwenda. Ana mikono ya baridi na adabu nzuri. Anasema kuna uvimbe umeota kwenye nyuzi za sauti. Ukiachwa utakuja kuziba njia ya hewa. Ukikatwa, pumzi itapona, ila sauti huenda isirudi. Nimemwambia tutaonana baada ya jubilei. Novemba si mbali, na kanisa litajaa watu kutoka kila upande, wote wamekuja kusikia mstari wa tatu. Nikishaimba siku hiyo, na akate anachotaka.

Mama

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Sitauliza hali, umeshaniambia.

Mama, Novemba ni mbali. Nimeongea na daktari huyo kwa simu, nimemsumbua mpaka amenieleza yote. Hakusema utakuja kuziba. Alisema unaziba. Usharika una watu tele, na wana kinanda kizima na kwaya yenye sare. Mimi nina mama mmoja na sina hata ndugu wa kulia naye. Kama ni kuchagua kati ya sauti yako na wewe, nakutaka wewe, hata ukiwa bubu kama kiti.

Njoo huku kwangu. Hospitali iko karibu na chumba changu, nimeshauliza nafasi. Tafadhali.

Binti yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujaniandikia tangu mvua zianze, na sasa nasikia zimekwisha. Simu haipokelewi. Muuza mkaa anasema hujambo, lakini ananiambia haraka mno.

Basi jana amenipigia mwalimu wa kwaya. Anasema ukipanda ngazi za kanisa pumzi yako inapiga filimbi. Anasema sasa unakunywa supu tu na unawaambia watu umefunga. Kwaresima imepita, Mama. Umefunga kwa ajili ya nini?

Sikio la kufa halisikii dawa. Nisamehe kwa kusema hivyo, nimelia nikiliandika na nimeliacha. Kurasa za historia ziko mezani kwangu, zimepangwa, nzuri kweli. Sitazichapa. Mchungaji akilia alie, jubilei ikikosa kitabu ikose. Siku utakayoshuka kwenye basi hapa, siku hiyo ndiyo nitawasha mashine.

Nakuogopea sana.

Binti yako

8 Juni

Binti yangu,

Ulizaliwa mkaidi na mkunga aliniambia. Nilikunyamazia kwa sababu nilijua nikiandika nitakubali.

Nimekuwa nikiota sana siku hizi. Nalala mchana kwenye kiti, paka mapajani, naliona lile ghala la zamani. Wote wamo, wale niliokuandikia na wale niliowasahau. Milango imefunguliwa pande zote mbili, na ng'ombe wanapita katikati ya ibada taratibu, hakuna anayewafukuza. Baba yako anakanyaga kinanda bila viatu. Kila nikitaka kuimba ananitazama tu, anakanyaga. Naamka koo limekauka.

Jumapili iliyopita wimbo ulifika mwisho wa mstari wa tatu, nikaishika sauti kama siku zote. Ikakatika. Haikukwaruza, mwanangu, ilikatika, na hewa nayo ikagoma kuingia. Nilishika benchi. Niliona dirisha linakwenda mbali. Watu walikuwa wananisubiri kwa heshima zao zote, hakuna aliyegeuka kuangalia, nikafikiri nitakufa hapa wamesimama wima wanamsubiri Mama Daraja, na binti yangu atapata habari kwa simu. Ndipo hewa ikaingia. Niliogopa. Nimezika wazazi, nimezika mume, lakini sijawahi kuogopa vile.

Mwalimu wa kwaya alinisindikiza nyumbani. Nilitegemea aanze yale ya nota zake. Alisema kitu kimoja tu, akiwa ameshanifungulia mlango.

"Mama, tutaendelea kusubiri. Hata kama hakuna anayeimba hapo, tutasubiri."

Basi nakuja. Muuza mkaa amechukua paka. Nikatie tikiti ya dirishani, na usinipokee ukilia mbele za watu. Nimeamua kuimba Jumapili moja zaidi, taratibu, mstari mmoja tu, halafu Jumatatu niko njiani. Hilo usinigombeze, nimeshalipa kwa kukubali yote mengine.

Mama

2 Desemba

Kwa binti yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mzee mkata karatasi na kwa kitanda chako, ambacho sasa umekirudia mwenyewe. Mgongo wako unaendeleaje baada ya miezi ya kulala sakafuni? Hali yangu ni nzuri. Tangu uvimbe ukatwe napumua mpaka najisikia mchoyo, hewa yote hii ya nini. Sauti haijarudi na sasa nimeacha kuchungulia mlangoni kama inakuja. Muuza mkaa hajui kusoma, kwa hiyo vikaratasi vyangu havimsaidii. Tunakaa tu barazani, ananiambia mambo ya watu wote mtaani, na sina namna ya kumkatiza. Anasema sijawahi kuwa mtu mzuri kiasi hiki.

Najua uliumia kukosa jubilei. Likizo yako yote uliimalizia kwangu, kwa hiyo nitakusimulia vizuri.

Watu walijaa mpaka nje. Vijitabu vilikwisha kabla ya ibada, wengine wakawa wanasoma wawili wawili. Usharika wa jirani walicheka sana ukurasa wa panya. Mchungaji wao alimtazama wa kwetu muda mrefu, kisha wakashikana mikono. Mimi nilikaa mahali pangu pa dirishani. Watu walinipisha kama mgonjwa, nikawakunjia uso.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Nilitaka usianze, nikuambie kweli. Nilijua mstari wa tatu utakuja na kanisa zima litakumbuka aliyekuwa anaimba hapo, na wataanza kunionea huruma nikiwa hai. Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili. Wa tatu ukafika mwisho. Mwalimu wa kwaya akainua vidole kwenye kinanda. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, mazoea hayana dawa, na hakikutoka kitu.

Kukawa kimya.

Binti yangu, tangu nilipokuwa msichana nimeimba mahali pale. Watu wote walikuwa wananisikia mimi, na mimi nilikuwa najisikia mwenyewe. Sikuwahi kujua kuna nini chini ya sauti yangu. Siku ile ndiyo nimesikia. Kanisa zima linavuta pumzi. Wote pamoja, wazee na watoto waliobebwa, wa ndani na wale waliosimama nje madirishani, pumzi moja ndefu inaingia, taratibu, kabla ya mstari wa mwisho. Ni sauti kubwa. Ni nzuri kuliko yangu, nakuapia. Na mimi nilikuwa navuta pamoja nao, hewa inaingia mpaka chini bila kukwama, na hakuna mtu aliyeweza kututofautisha.

Nikalia, wala sikujificha. Mwanamke wa kando yangu alinishika mkono akidhani ni huzuni, nami sikuwa na sauti ya kumwambia hapana.

Mama yako