Sala Mtaroni

Jumapili, 1954

Na vile serikali ilifunga kanisa letu, nikadhani binti yangu Kaari atasahau sala zote. Hofu hiyo imenikosesha usingizi miezi mingi.

Leo tulipelekwa tena kuchimba mtaro wa kuzunguka kijiji, ati wapiganaji wa msituni wasiingie. Kaari akaanzisha sala kwa sauti ya wimbo wa jembe, sisi akina mama tukaitikia kila jembe likishuka. Hakukosea hata neno, na kitabu hana!

Homgadi, mlinzi wa serikali anayetusimamia, akaja na bunduki yake. "Nyinyi akina mama, mnaimba nini?"

"Wimbo wa kuchimba, afande," tukamjibu.

"Basi msinyamaze. Leo mnachimba vizuri!"

Tukaimba mpaka Amina.

Wengine bado wanalilia lile jengo la kanisa. Mimi nimemzaa Kaari, nilie nini?