Leso Haikunjwi na Mtu Mmoja

Baba Moraa,

Ugali wa jana uko kwa friji, sukuma ziko kwa sufuria ndogo. Pasha kabla basi la shule halijamshusha Moraa. Takataka zitolewe leo. Nimeenda zamu ya kazi, mjini Plano. Nikikwama kwa foleni, msinisubiri.

Asubuhi ulimfokea mtoto mpaka akaacha chai. Alikwambia mstatili una mistari miwili tu ya ulinganifu. Ukasema ni minne, ukamfutia kazi yake ya hesabu kwa raba, eti mtoto hamkosoi baba yake mezani. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anatuangalia. Sasa hayupo. Umekosea.

Leso yangu ya kujifunga iko chini ya karatasi hii. Ikunje katikati kwa urefu, kisha kwa upana, pindo zinalala sawa. Halafu ikunje kufuata ile mistari yako ya kona kwa kona, uone vile ncha zinachomoza.

~~Akifika umwombe msamaha.~~

Najua huwezi. Basi mwite mkunje leso. Ni kubwa, mtu mmoja hawezi kuikunja vizuri. Akushikie upande wa pili, na safari hii yeye ndiye aseme inakunjwa wapi.

Mama Moraa